Jinsi ya kuielewa nadharia ya mitandao ya nyuroni kama hesabu zako ziliishia fom foo

Watu wengi wanatamani kujua hii mitandao ya nyuroni (zile hesabu zilizo ndani ya akili mnemba) inafanyaje kazi kwa ndani, sio kuitumia tu, wanafungua maelezo wanakutana na sigma na vile vi-d vilivyopinda mgongo, wanafunga. Wengine wanaambiwa eti nenda kwanza kasome kalkulasi, ukimaliza shika aljebra ya matriksi, ukimaliza hapo probabiliti, ndo urudi. Huo ushauri kiukweli unawamaliza watu njiani, kwa sababu unasoma miezi mtu hajakuambia hiyo derivativi unaitafutia nini. Mi naona ianze kinyume: unashika mtandao mdogo kabisa, unaukokotoa kwa mkono na namba za kawaida, na kila hesabu ngumu unaijifunza siku inapokukwamisha, sio kabla.

Mahitaji: daftari, kalamu, kalkuleta ya simu. Baadaye kidogo Python, ambayo unaweza kuiendesha bure kwenye Google Colab bila kuinstoo kitu (kwenye simu inafunguka ila utateseka kuandika, tafuta laptopu hata ya kuazima). Hesabu za kuanzia ni kujumlisha, kuzidisha, namba hasi, na kuchora grafu ya mstari ulionyooka. Kama ulisoma Tanzania vekta na matriksi ulishapita nazo fom foo, Kenya mkagusa mpaka kudiferenshieti. Hata kama ulizifeli we njoo tu.

Hatua ya 1: nyuroni moja, na sukari

Sahau ubongo kabisa. Nyuroni kwenye kompyuta ni hesabu hii: chukua namba inayoingia, zidisha na namba nyingine inaitwa uzito, ongeza namba nyingine inaitwa bayasi. Basi. Mambo ya kufananisha na seli za ubongo yalianza na watafiti McCulloch na Pitts mwaka 1943 na yana historia yake, ila kwenye kuelewa yatakuchelewesha.

Tuchukue mfano tutakaoubeba mbali. Umenunua sukari kilo 2 umelipa elfu 6. Kompyuta haijui bei ya kilo moja, tunataka ijifunze yenyewe. Kinachoingia ni 2, jibu sahihi ni 6, uzito tuuite w, na bayasi kwa sasa tuiweke sifuri (ingekuwa kwa mfano hela ya mfuko unayolipa hata ukinunua robo). Tunaanza kwa kubahatisha, w = 1. Mtandao unatabiri 1 × 2 = 2. Kosa ni 2 − 6, yaani −4. Halafu kosa tunalipiga skwea linakuwa 16, hiyo ndo inaitwa losi. Kwa nini skwea? Kwanza ili kosa la kuzidi na kosa la kupungua yasije yakafutana ukidhani uko sawa, pili ili makosa makubwa yaume zaidi kuliko madogo.

Kazi yote ya kujifunza ni kutafuta w inayoifanya losi iwe ndogo. Mi na wewe tunajua ni 3. Kompyuta haijui, na ujanja wote uko kwenye itakavyojua.

Hatua ya 2: sogeza kidogo, angalia

Hapa ndo pana kalkulasi, na unaifanya na kalkuleta. Sogeza w kidogo sana, kutoka 1 iwe 1.001. Utabiri unakuwa 2.002, kosa −3.998, ukipiga skwea 15.984004. Losi imeshuka kwa 0.015996. Gawanya mabadiliko ya losi kwa mabadiliko ya w: −0.015996 ÷ 0.001 = −15.996. Sema karibu −16.

Hiyo −16 ndo derivativi. Hakuna siri nyingine. Inakuambia kwamba hapa uliposimama ukiongeza w losi inashuka, na inashuka kwa kasi ya kama 16 kwa kila moja unayoongeza. Alama hasi inakuonyesha upande, ukubwa wa namba unakuonyesha ukali. Wanahisabati wana njia ya kuipata bila kusogeza: 2 × kosa × kilichoingia, yaani 2 × (−4) × 2 = −16 kamili. Hiyo fomula usiikariri bado. Badilisha w iwe 2, kisha 5, kisha 3, fanya kwa kusogeza halafu linganisha na fomula, mpaka mkono uchoke. Kwenye w = 3 fomula itakupa sifuri, na hapo kaa kidogo ujiulize kwa nini.

Tafadhali usiruke hii hatua kwa sababu inaonekana ya kitoto. Mtu akikwambia amesoma kalkulasi yote lakini hawezi kukueleza −16 inamaanisha nini kwenye sukari, ana fomula tu huyo.

Hatua ya 3: kushuka, na jinsi ya kuharibu

Sasa tunajua upande wa kwenda. Kanuni ni w mpya = w ya zamani kutoa (kasi ya kujifunza × derivativi). Kasi ya kujifunza ni namba unayoichagua mwenyewe, tuseme 0.1. Basi w mpya = 1 − 0.1 × (−16) = 2.6. Losi imetoka 16 mpaka 0.64. Rudia: derivativi sasa ni −3.2, w inakuwa 2.92. Rudia tena, 2.984. Inaikaribia 3 bila mtu kuiambia. Hii mbinu ni ya zamani kuliko kompyuta, Mfaransa Cauchy aliiandika mwaka 1847.

Lakini raha iko kwenye kuiharibu. Weka kasi 0.25 uone: w inatoka 1 inaruka mpaka 5, halafu inarudi 1, halafu 5, itaruka hivyo hivyo mpaka kesho. Weka 0.3: 1, 5.8, −0.92, kila mruko mkubwa kuliko uliopita, losi inalipuka. Weka 0.125 inatua 3 kwa mpigo mmoja! Halafu unakuta mtu ana mtandao mkubwa, losi yake inapanda badala ya kushuka, anahangaika kubadilisha data, anabadilisha mtandao, kumbe ni hii hii ya sukari, kasi ni kubwa. Wewe utaijua kwa kuiangalia tu kwa sababu umeiona ikitokea kwenye namba moja.

Kwenye Python ni mistari hii:

w = 1
for i in range(10):
    kosa = w*2 - 6
    w = w - 0.1 * 2*kosa*2
    print(w)

Iandike kwa vidole vyako, usikopi.

Hatua ya 4: kwa nini leya nyingi, na kwa nini kupinda

Nyuroni moja inachora mstari ulionyooka tu, na dunia haijanyooka. Chukua taa ya ngazi ya nyumba ya ghorofa, ile yenye swichi moja chini na nyingine juu. Swichi zote ziko 0, taa imezima. Moja ikiwa 1 nyingine 0, inawaka. Zote zikiwa 1, imezima tena. Chora hizo nukta nne kwenye daftari, (0,0) na (1,1) ziwekee msalaba, (0,1) na (1,0) ziwekee duara, sasa jaribu kupiga mstari mmoja ulionyooka unaotenga misalaba na maduara. Haupo. Minsky na Papert walilionyesha jambo hili kwenye kitabu chao cha 1969 kuhusu perseptroni, ile mashine ya nyuroni ya Rosenblatt ya miaka ya 1950, na watu wengi wakapoa kabisa na hii fani.

Mtu anaweza kusema sawa tuongeze leya ya pili (leya ni safu ya nyuroni, majibu ya safu moja yanaingia safu inayofuata). Ukiongeza leya tupu haisaidii. Leya ya kwanza 2x + 1, ya pili inazidisha na 3 na kuongeza 4: 3(2x + 1) + 4 = 6x + 7. Ni mstari tena! Hata ukipanga leya mia zinakunjwa kuwa moja. Kwa hiyo katikati lazima uweke kitu kinachopinda, na kinachotumika sana siku hizi kinaitwa relu: namba ikiwa hasi igeuze sifuri, ikiwa chanya iache ilivyo. Ndo hivyo tu, hesabu ya darasa la nne.

Sasa taa yetu. Tengeneza nyuroni mbili za katikati: ya kwanza ni relu ya (x1 + x2), ya pili ni relu ya (x1 + x2 − 1). Jibu la mwisho ni ya kwanza kutoa mara mbili ya pili. Pima: 0 na 0, unapata 0. 0 na 1, unapata 1 − 0 = 1. 1 na 1, unapata 2 − 2 × 1 = 0. Taa inafanya kazi. Umejenga mtandao wa nyuroni kwa mkono, na tatizo lililotia watu baridi umelimaliza na nyuroni mbili za katikati na moja ya mwisho.

Hapo fungua TensorFlow Playground kwenye kivinjari, ni bure na ni ya kubofya tu. Chagua data inayofanana na taa yetu (maboksi manne, rangi zinapishana kwa kona), toa leya zote za katikati uone inavyoshindwa, rudisha leya moja yenye nyuroni nne. Halafu weka leya tatu lakini aktivesheni (kile kitu kinachopinda) chagua ya mstari tupu. Itashindwa, na wewe utajua kwa nini kabla haijamaliza.

Kitu kimoja cha nyongeza kwa wenye moyo: chukua relu(x) − 2·relu(x − 1) + relu(x − 2), uchore. Inatoka pembetatu moja ndogo, pembeni kote sifuri. Ukiwa na pembetatu nyingi, nyembamba au nene, fupi au ndefu, ukizipanga unaweza kuikaribia grafu yoyote isiyokatika. Hilo ndo wazo la ile theoremu maarufu ambayo Cybenko aliithibitisha mwaka 1989 (yeye alitumia mpindo mwingine, sigimoidi). Watu wanaitaja kama vile inathibitisha mtandao unaweza kujifunza chochote. Hapana. Inasema uzito unaofaa upo, haisemi kwamba mafunzo yako yataupata.

Hatua ya 5: bakipropagesheni kwa kalamu

Bakipropagesheni ni kurudi nyuma kutoka kwenye losi ukitafuta derivativi ya kila uzito. Hii ndo wanayoiogopa zaidi, na ndo ambayo nitakuomba uipe muda mrefu kuliko zote. Tuchukue nyuroni mbili zimefuatana, bila relu ili tuone vizuri. Inaingia 2. Uzito wa kwanza 1.5, kwa hiyo katikati tunapata 3. Uzito wa pili 2, kwa hiyo mwisho tunapata 6. Jibu sahihi lilikuwa 10. Kosa −4, losi 16.

Swali: uzito wa kwanza unahusika vipi na hii losi, wakati uko mbali nayo? Unarudi nyuma hatua kwa hatua, kila hatua unauliza swali dogo la jirani tu.

Losi inabadilikaje jibu la mwisho likisogea? 2 × kosa = −8.
Jibu la mwisho linabadilikaje uzito wa pili ukisogea? Kwa namba ya katikati, 3. Basi uzito wa pili unapata −8 × 3 = −24.
Jibu la mwisho linabadilikaje namba ya katikati ikisogea? Kwa uzito wa pili, 2. Basi katikati inapata −8 × 2 = −16.
Na katikati inabadilikaje uzito wa kwanza ukisogea? Kwa kilichoingia, 2. Basi uzito wa kwanza unapata −16 × 2 = −32.

Imeisha. Kuzidisha tu njia nzima, ndo wanaiita kanuni ya mnyororo. Huniamini? Vizuri, usiniamini, sogeza uzito wa kwanza uwe 1.501: katikati 3.002, mwisho 6.004, kosa −3.996, skwea 15.968016, tofauti gawa kwa 0.001 unapata −31.984. Karibu −32. Hata mainjinia wanaoandika maktaba (kodi zilizoandikwa tayari) za hii kazi wanajipima kwa njia hii hii.

Sasa angalia kilichookolewa. Ile −16 ya katikati tuliihesabu mara moja, na kama nyuma yake kungekuwa na uzito mia zote zingeitumia hiyo hiyo. Kwa njia ya kusogeza ungelazimika kuendesha mtandao mzima upya kwa kila uzito mmoja mmoja. Kwenye mtandao wa mamilioni ya uzito hiyo ndo tofauti ya kuweza na kutoweza, na ndo maana karatasi ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986 inatajwa kila mahali, ingawa wazo lenyewe lilikuwa limeshapita kwa watu wengine kabla yao.

Na relu inaingiaje kwenye kurudi? Kama namba iliyoingia kwenye relu ilikuwa chanya, zidisha na 1, yaani pita. Kama ilikuwa hasi, zidisha na 0, njia imefungwa. Zamani walitumia sana sigimoidi, ambayo derivativi yake haizidi 0.25 hata iweje. Weka leya kumi: 0.25 kuzidisha yenyewe mara kumi ni chini ya moja ya milioni. Leya za mwanzo zinapata ujumbe umefifia kiasi kwamba hazijifunzi. Ukisikia watu wanalalamika kuhusu gradienti (yaani hizi derivativi) kutoweka ni hiyo tu, kuzidisha namba ndogo mara nyingi.

Fanya mfano wako wenye namba zako, nyuroni tatu zimefuatana na relu katikati, mpaka uweze bila kuangalia hapa. Halafu jaribu kuanzisha nyuroni mbili za leya moja na uzito unaofanana kila kitu. Utaona zinapata derivativi ile ile, zinasogea pamoja, hazitatofautiana kamwe, na ndo sababu uzito wa mwanzo unapangwa kwa bahati nasibu.

Hatua ya 6: matriksi, kwa ajili ya uvivu

Ukishachoka kuandika nyuroni moja moja ndo muda wa matriksi, sio kabla. Kila mstari wa matriksi ni uzito wa nyuroni moja. Unazidisha na kujumlisha, kama fom foo. Picha za MNIST, zile tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, zina pikseli 28 kwa 28, sawa na namba 784 zinazoingia. Ukiweka nyuroni 30 katikati na 10 mwisho (moja kwa kila tarakimu), hesabu uzito na bayasi zote: 784 × 30 + 30 ni 23,550, na 30 × 10 + 10 ni 310, jumla 23,860. Kila ukikutana na mtandao mpya jizoeze kuhesabu hivi, na kuandika pembeni maumbo ya matriksi, 30 kwa 784, 10 kwa 30. Makosa mengi ya kwenye kodi ni maumbo yasiyooana.

Kuhusu losi ya kuchagua kati ya tarakimu kumi, hapo skwea inawekwa pembeni, wanatumia logarithimu. Mtandao unatoa asilimia zake kwa kila jibu (hesabu ya kuzigeuza namba ziwe asilimia inaitwa softimaksi), losi ni hasi ya logi ya asilimia iliyopewa jibu sahihi. Jibu sahihi likipewa 0.9 unatozwa 0.105. Likipewa 0.5 unatozwa 0.693. Likipewa 0.01, yaani ulikuwa na uhakika na ukakosea, unatozwa 4.605. Zipige mwenyewe, tumia logi asilia, ile ya ln.

Hatua ya 7: andika mwenyewe bila maktaba

Andika mtandao wa taa ya ngazi kwa Python tupu, ujifunze wenyewe ule uzito tulioupachika. Mtandao ukigoma kujifunza, anza tena na namba nyingine za mwanzo, au ongeza nyuroni za katikati ziwe nne, maana na mbili tu mara nyingine unanasa. Ukikubali hamia NumPy (maktaba ya matriksi ya Python) na MNIST. Zile picha 60,000 ni za mafunzo na 10,000 ni za mtihani, na za mtihani usiziguse wakati wa mafunzo, la sivyo unajidanganya: mtandao unaweza kukariri vizuri sana na usijue kitu. Baada ya hapo ndo PyTorch, maktaba inayokuhesabia derivativi yenyewe. Ukianza na PyTorch siku ya kwanza utapata matokeo mazuri na hutajua yametoka wapi.

Hatua ya 8: sasa rudi kwenye zile alama

Sigma kubwa ni lupu ya kujumlisha. Kile ki-d kilichopinda ni "sogeza hiki, vingine vishike vilivyo". Pembetatu iliyopinduka ni orodha ya derivativi zote umezipanga pamoja. Mistari miwili miwili pembeni ya vekta ni urefu wake, Paithagorasi. E yenye mabano ni wastani. Ukikutana na ekwesheni usiisome kama sentensi, iwekee namba ndogo, 2 na 3, uikokotoe, halafu uisome.

Je, kuna mahali hesabu za juu zinahitajika kweli? Zipo. Ukitaka kufuata uthibitisho, au kuelewa kwa nini kushuka kunafanikiwa kwenye mitandao mikubwa, huwezi kukwepa. Ila utazifuata ukiwa na swali mkononi. Mfano, transfoma, aina ya mtandao iliyotoka mwaka 2017, ndo zilizo ndani ya hizi akili mnemba tunazochati nazo: moyo wake ni kuzidisha matriksi, kugawanya kwa mzizi wa idadi ya namba zilizomo kwenye vekta, kisha softimaksi ya kugeuza kuwa asilimia. Vyote umeshavigusa isipokuwa kimoja, kwa nini wagawanye kwa mzizi? Hilo ni swali la variansi, mada ya takwimu. Chukua vekta mbili zenye namba 64 za bahati nasibu kila moja, wastani sifuri na variansi moja, zizidishe namba kwa namba na ujumlishe, rudia mara elfu kadhaa kwenye Python, halafu pima mtawanyiko wa majibu (mzizi wa variansi, kwenye NumPy unaitwa std). Itakuja karibu na 8, mzizi wa 64, na hapo ndo ufungue sura ya variansi uisome.